Kununua na kuuza kwenye minada ya mtandaoni: soko lipi kwa kazi ipi

Anayetaka kuanza kununua bidhaa mnadani ili aziuze tena huuliza swali moja: tovuti ipi ni nzuri? Jibu langu huwaudhi wengi, kwa sababu hakuna iliyo nzuri kwa kazi zote mbili. Anayenunua anataka mahali ambapo watazamaji ni wachache, au hawajui wanachokitazama, au wamelala. Anayeuza anataka kinyume chake: umati, tena umati wa wajuzi wenye hamu. Sasa mtu huyuhuyu mmoja akinunua na kuuza soko moja, yamkute nini? Anashinda kamera kwenye mnada uliojaa wapenzi wa kamera, kisha wiki ijayo anairudisha palepale akitegemea faida. Wateja wake walikuwepo wiki iliyopita. Waliiona, wakaitathmini, wakaacha aichukue yeye.

Kwa hiyo ulinganisho huu nimeufanya kwa kipimo cha macho. Ni mangapi yanaiangalia bidhaa, na yanaona nini?

Mnada unaofungwa kwa saa na mnada unaojirefusha

eBay, ambayo Pierre Omidyar aliianzisha mwaka 1995 kwa jina la AuctionWeb, hufunga mnada wake kwa saa. Sekunde ikitimia, basi. Mnunuzi huandika kiwango cha juu kabisa anachokubali kulipa, na mfumo humpandishia dau kidogokidogo kwa niaba yake, kiasi cha kumpita mpinzani tu. Ukiandika 90 na anayekufuata akaishia 52, utalipa 52 na hatua moja juu yake; ile 90 yako haijulikani kwa mtu. Utaratibu huu ni ndugu wa ule aliouchambua mwanauchumi William Vickrey mwaka 1961, ambapo mshindi hulipa bei ya mtu wa pili, hivyo hakuna anayefaidika kwa kuficha thamani anayoiona moyoni. (Vickrey alitangaziwa Tuzo ya Nobel Oktoba 1996, akafariki siku tatu baadaye.)

Kwa nadharia hiyo, ungeandika kiwango chako siku ya kwanza ukaenda kulala. Lakini kaa uangalie dakika ya mwisho ya mnada wowote wa kitu cha kale, uone madau yanavyomiminika. Alvin Roth na Axel Ockenfels, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, walilinganisha eBay na minada ambayo Amazon ilikuwa ikiiendesha wakati huo. Kule Amazon, dau likiingia ndani ya dakika 10 za mwisho, mnada ulisogezwa mbele. Waligundua kwamba kuvizia mwisho kulikuwa kwingi zaidi eBay, tena kwenye vitu vya kale kuliko kwenye kompyuta. Hilo la mwisho ndilo la kushika. Sifa za kompyuta zimeandikwa kwenye tangazo, kila mtu anazisoma. Lakini mjuzi wa vitu vya kale akiweka dau mapema, amewatangazia wote kwamba kitu kile si bandia. Dau lake limekuwa taarifa, tena ya bure. Ndiyo maana anakaa kimya mpaka sekunde za mwisho.

Upande wa pili kuna minada inayojirefusha. Yahoo! Auctions ya Japani humpa muuzaji hiari ya kuwasha urefushaji: dau likiingia ndani ya dakika 5 za mwisho, zinaongezwa dakika 5, na hivyo hivyo mpaka abaki mmoja. Catawiki ya Uholanzi nayo huongeza muda madau yanapoingia mwishoni.

Ukinunua kwa kutegemea ujuzi ambao wengine hawana, nenda kwenye saa inayofungwa. Unaweka dau moja, la kweli, mwishoni kabisa, na wanaokufuatilia hawapati muda wa kukuiga. Kuna programu za kukutumia dau sekunde chache kabla ya mwisho na eBay haikatazi kuvizia. Sioni aibu yoyote hapo. Ukiuza, urefushaji ni rafiki yako, kwa maana wapinzani wawili wenye hasira watapandishana hadi uchovu uwatenganishe. Na ukiwa mtu wa kupandwa na damu kichwani, kaa mbali na minada ya aina hii unaponunua. Niliwahi kuigombania lenzi moja usiku, hatua ndogo baada ya hatua ndogo, kila moja ikionekana si kitu. Nilipoamka asubuhi nikajumlisha, nilikuwa nimeilipia zaidi ya ninavyoweza kuiuza. Mpinzani wangu bila shaka alilala vizuri.

Kwa bidhaa ambazo bei yake inajulikana na kila mtu, kama simu za mwaka huu, aina ya mnada haibadilishi kitu. Faida yake ni nyembamba popote uendapo.

Hesabu kabla ya dau

Hapa sina cha kulinganisha, ila bila hili mengine yote hayana kazi. Hesabu huanzia mwisho, ikarudi mwanzo. Tuseme kitu kama hicho kimekuwa kikiuzwa 100. Usiangalie bei wanazoomba wauzaji; angalia zile ambazo mauzo yalikamilika, na eBay ina kichujio cha kuonyesha hizo tu. Tovuti itachukua ada yake, ambayo kwa bidhaa nyingi iko kati ya asilimia 10 na 15, tuseme 13. Zimebaki 87. Kumtumia mnunuzi 12, boksi na vifungashio 2, zimebaki 73. Nauli ya kukifikisha kwako 10, zimebaki 63. Tenga 5 kwa ajili ya vile vitakavyovunjika njiani au kurudishwa, zimebaki 58. Ukitaka faida ya 20, kiwango chako cha juu ni 38.

Thelathini na nane, kwa kitu cha mia! Wageni wa kazi hii hudhani nazidisha. Na ikiwa tovuti unayonunulia humtoza mnunuzi ada ya asilimia 20 juu ya dau, kama zilivyo nyumba nyingi za minada, dau lako lisizidi 31. Ushuru wa forodha sijauingiza bado. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hawakuwa wameuona mnada wa mtandaoni, ambamo kila makato huja siku yake.

Kimoja kimoja au fungu zima

Tovuti kama B-Stock na Liquidation.com huuza kwa mafungu: mzigo mzima wa bidhaa zilizorejeshwa na wateja wa maduka makubwa, au zilizobaki ghalani. Fungu huja na orodha, na chini ya orodha kuna jumla ya bei za dukani. Jumla ile ndiyo chambo. Unaona vitu vya 4,000 vinaenda kwa 600, moyo unaruka. Lakini bei ya dukani ni ya kitu kipya, ndani ya boksi lake, chenye waya na rimoti. Aliyekirudisha alikuwa na sababu.

Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta, Capen, Clapp na Campbell, waliandika kuhusu kampuni zilizokuwa zikishindania vitalu vya kuchimba mafuta baharini. Hakuna aliyejua kwa hakika kilichomo chini. Kila kampuni ilikadiria. Aliyeshinda alikuwa yule aliyekadiria juu kuliko wote, yaani, mara nyingi, yule aliyekosea zaidi. Wataalamu wa minada wanaliita jambo hili laana ya mshindi. Fungu lililofungwa kwa nailoni ni kitalu cha mafuta. Watu 15 wanaitazama picha ileile na orodha ileile, na wewe ukishinda, jiulize wale 14 waliona nini.

Kwa hiyo je, mafungu ni mabaya? La, yana watu wake. Mwenye nafasi ya kupangia, vifaa vya kupimia na mkono wa kutengeneza anaona ndani ya fungu kitu ambacho wengine hawakioni: spea. Mashine kumi za kahawa zilizokufa, kila moja kwa ugonjwa wake, humpa fundi mashine nne au tano nzima na mabaki ya kuuza. Na kibovu kina soko, mradi uandike wazi kuwa ni kibovu. Inajulikana kwamba kitu cha kwanza kuuzwa AuctionWeb kilikuwa kalamu ya leza iliyovunjika, kwa dola 14.83, na mnunuzi alijua fika kwamba haiwaki.

Asiyekuwa fundi anunue kimoja kimoja. Ni kazi ya polepole: tangazo moja, maswali kwa muuzaji, picha za ziada, kungoja. Faida ya kitu kimoja huonekana ndogo ukiilinganisha na ndoto ya fungu, ila unajua ulichonunua. Gharama ya fungu ambayo hakuna anayeiweka kwenye hesabu ni saa: kufungua, kupima, kusafisha, kupiga picha na kuandika matangazo 80. Nimewaona watu wakiishia na chumba kilichojaa mizigo, wanapita upandeupande kufika kitandani.

Kuna njia ya katikati ambayo naipenda kuliko zote mbili: mnada wa kuchukua mwenyewe. GovDeals, kwa mfano, huuza mali zilizotumika za serikali za mitaa, shule na idara za Marekani, na mzigo mara nyingi unatakiwa ukauchukue pale ulipo. Samani, mashine za karakana, vifaa vya maabara. Sharti hilo la kwenda na gari linawatoa washindani wengi kabla mnada haujaanza. Uzito wa mzigo unakusaidia kununua. Hakikisha tu hautakuzuia kuuza.

Tovuti ya kila kitu au tovuti ya wabobezi

Kwenye Catawiki, mtaalamu hupitia kila kitu kabla hakijaingia mnadani. Heritage Auctions inajulikana kwa sarafu na vitabu vya katuni. Huko maelezo yamenyooka, picha ni safi na watazamaji wanajua. Kwa kuuza, ni pazuri. Kwa kununua ili uuze, unatafuta nini huko? Kila kosa limeshasahihishwa na mtu anayelipwa kulisahihisha.

Mchuuzi hununua kwenye tovuti za kila kitu, kwa muuzaji asiyejua alichonacho. Jina la mtengenezaji limekosewa herufi, kwa hiyo wanaotafuta kwa jina sahihi hawalioni tangazo. Saa ya mkononi imewekwa kwenye kundi la mapambo. Picha imepigwa gizani. Mnada unafungwa saa tisa usiku kwa majira ya wanunuzi wengi. Hizo kasoro nne ni mapazia, na kila pazia hupunguza macho. Ukishanunua, kazi yako ya kuuza ni kuyaondoa yote: andika jina sawasawa, weka kundi lake, piga picha mchana kwa mwanga wa dirishani, funga mnada saa ambazo watu wametulia na simu zao. Wapo wanaosema kizuri chajiuza. Mtandaoni hakijiuzi, kinauzwa na picha.

Pazia nene kuliko yote ni lugha. Wauzaji wengi wa Yahoo! Auctions ya Japani hawatumi mzigo nje ya nchi yao, na matangazo ni ya Kijapani. Mgeni hupitia mawakala kama Buyee au ZenMarket: wao huweka dau kwa niaba yako, hupokea mzigo, huunganisha vifurushi kadhaa kuwa kimoja, kisha hukusafirishia. Ada zao na nauli zinaumiza kwa kitu kimoja kidogo. Ukiunganisha vitano, hesabu hubadilika. Jifunze neno moja kabla ya yote, nalo ni ジャンク, janku. Muuzaji akiliandika, anamaanisha hana dhamana yoyote, inawezekana kitu ni kizima ila hakukijaribu, inawezekana pia ni cha kutupa. Wajapani huliandika kwa tahadhari kubwa hata kwa vitu vinavyofanya kazi, na hapo ndipo wanunuzi wa kamera na gitaa wanapopata riziki. Ila usimrudie muuzaji na malalamiko.

Pazia pia laweza kuwa limetundikwa kwa makusudi. Mwaka 2000 mchoro mmoja uliwekwa eBay kana kwamba muuzaji hajui ni nini, na herufi za sahihi yake zikawafanya watazamaji waamini ni kazi ya Richard Diebenkorn, mchoraji mashuhuri wa Marekani. Dau lilifika dola 135,805. Mnada ukafutwa baada ya kubainika kwamba muuzaji alikuwa amejipandishia dau mwenyewe. Tangu nisome kisa hicho, tangazo la mtu "asiyejua kitu" nalisoma mara mbili, na naangalia ni vitu vingapi vya aina hiyo amewahi kuuza. Mjinga aliyeuza lenzi 300 si mjinga.

Kuuza: mnada au bei iliyopangwa

eBay iliongeza kitufe cha kununua papo hapo mwaka 2000. Siku hizo mnada ndio uliokuwa utamaduni wa tovuti. Leo sehemu kubwa ya mauzo yake ni ya bei iliyopangwa. Sababu si ngumu kuelewa. Mnada humgharimu mnunuzi siku za kungoja na wasiwasi wa kukosa, na mwenye shida ya chaja leo hawezi kusubiri Jumapili usiku.

Kwa bidhaa yenye mauzo mengi yaliyokamilika na bei zinazokaribiana, panga bei. Mnada hapo utakupa bei ileile ukibahatika, chini yake usipobahatika. Mnada unafaa kwa kitu ambacho hata wewe hujui thamani yake, na ambacho unaamini kuna angalau watu wawili wanaokitamani kweli. Wawili, si mmoja. Mwenye hamu akiwa peke yake, angekuwa tayari kulipa 200, atakichukua kwa bei ya kuanzia na kukushukuru.

Sababu nyingine ya kuchagua mnada ni fedha iliyokwama. Mnada wa siku 7 una tarehe ya mwisho. Bei iliyopangwa inaweza kukaa miezi. Mwenye mtaji mdogo anaweza kukubali faida ya 10 wiki hii kuliko 25 ya siku isiyojulikana, kwa sababu ile fedha itanunua tena mara mbili kabla ya siku hiyo kufika.

Kuhusu bei ya kuanzia: wapo wanaoanza chini kabisa ili kuvuta watu, wapo wanaoweka bei ya siri ambayo dau lisipoifikia, kitu hakiuzwi. Sipendi bei ya siri. Mnunuzi huweka dau, anaambiwa halijafika, anaondoka akihisi amechezewa, na tovuti inaweza kukutoza kwa huduma hiyo. Kuanza chini kunafaa pale ambapo umati upo kwa hakika. Penye shaka, anza na ile bei ambayo ukiuza hutapoteza, hata kama watazamaji watakuwa wachache zaidi.

Nani analindwa

Mwaka 2008 eBay iliwazuia wauzaji kuwaandikia wanunuzi maoni mabaya. Muuzaji akapoteza silaha yake, mnunuzi akabaki na yake pamoja na dhamana ya kurudishiwa fedha. Unaponunua huko una mgongo wa kuegemea. Unapouza, mgongo ule ni wa mwenzako. Piga picha namba ya mfululizo ya kila kifaa kabla ya kukifunga, kwa maana yupo atakayekurudishia kibovu chake badala ya kizima chako. Kwenye mafungu na mali za serikali mambo hugeuka: kilivyo ndivyo kilivyo, hakuna kurudisha. Dau lako la huko lipunguze kwa kiasi hicho.

Ningechagua nini

Kwa mtu mwenye jioni mbili kwa wiki na kabati moja, ningechagua kimoja kimoja kwenye tovuti ya kila kitu inayofungwa kwa saa, ndani ya aina moja ya bidhaa anayoijua hadi kwenye skrubu, na kuuza kwa bei iliyopangwa. Fundi mwenye banda achukue mafungu, lakini madogo, na la pili asilinunue kabla la kwanza halijaisha sakafuni. Mwenye gari la mizigo aangalie minada ya kuchukua mwenyewe, ndani ya umbali ambao mafuta ya kwenda na kurudi ameshayaingiza kwenye daftari. Wa kupitia Japani awe na subira na mtaji wa kukaa njiani wiki kadhaa, na akipata kitu adimu kweli, asikirudishe kwenye tovuti ya kila kitu. Akipeleke kwa wabobezi, alipe ada yao, na auache mnada ujirefushe usiku kucha wakigombana wenyewe.